Naomba ushauri: picha za ndege wa Madagaska nizitume sasa au nisubiri?

Habari zenu wapendwa. Leo asubuhi, pale mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi, nimekuta kundi la ndege waitwao kitaalamu Glareola ocularis limetua mchangani. Wanatoka Madagaska, hukaa kwetu kati ya Aprili na Septemba. Mmoja nilimwona vizuri kwa darubini: mstari mweupe chini ya jicho, mdomo mwekundu kwenye shina.

Mwaka jana nilitaja mahali penyewe kwenye grupu la WhatsApp. Kesho yake watu wakaja na droni, kundi zima likaruka, halikutua tena. Iliniuma sana.

Wanaohesabu ndege wanahitaji taarifa hizi, naelewa. Je, niwapelekee wao tu, wengine niwaambie Septemba ikipita? Na picha za simu, nafutaje alama ya mahali?