Mrejesho: Nimerudi Mbeya salama, figo iko vizuri

Wakubwa shikamooni, wadogo habarini. Niliuliza kama mtu aliyepandikizwa figo anaweza kwenda India kwenye mahafali ya mwanawe bila kujihatarisha. Nimeenda, nimerudi. Asanteni sana, sana.

Ushauri wa dada nesi wa Iringa ndio uliobeba safari: dawa zote kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari. Toka Songwe hadi Mumbai dawa hazikuniletea shida yoyote. Chanjo ya homa ya manjano sikuchoma, maana ina virusi hai na sisi tunaomeza dawa za kushusha kinga haitufai. Daktari alinijazia cheti cha msamaha. Uwanjani walinikalisha kidogo, wakakisoma, wakaniruhusu.

Takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, nilimeza kwa saa za nyumbani. Saa moja yetu ni saa tatu na nusu kwao, kwa hiyo yale masaa 12 kati ya dozi na dozi hayakuvunjika. Aliyenikumbusha kuweka alamu, Mungu akubariki.

Kilichonishinda ni tumbo. Maji ya chupa tu, chakula cha moto tu, bado nikaharisha. Hili msilipuuze: kuharisha kunaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu. Nilimpigia daktari wangu siku hiyohiyo, nikapimwa hukohuko, akapunguza dozi kwa muda. Vipimo vya juzi vinaonyesha kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inavyochuja) imerudi ilipokuwa.

Bima ya safari sikupata. Niliowauliza walikataa kugharamia chochote cha figo. Anayejua inayokubali aandike, tupo wengi tunaoihitaji.