MREJESHO: Maembe yangu yaliyoota ukungu

Wakuu, miezi miwili iliyopita niliuliza kwa nini maembe niliyoanika juani yaliota ukungu ndani ya wiki moja. Mlisema vipande ni vinene, na kweli nilikuwa nakata kama vya kula mezani!

Safari hii nimekata milimita 5 hivi, nikachovya kwenye maji ya ndimu, nikapanga kwenye kikaushio cha jua. Siku ya tatu vilipinda bila kukatika, na ukibinya havitoi maji. Kosa jingine, nilikuwa nafunga vikiwa bado vya moto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko. Sasa naacha vipoe kwanza. Wiki ya tano hii, havina doa.

Majani ya kunde niliyachemsha kidogo, nikaanika kivulini. Yamebaki kijani, ila watoto wanagombania maembe tu.