Ng'ombe wazima kwa jahazi au nyama ya baridi kutoka Dar?

Baba Swaumu
Asalaam alaykum wakubwa. Nafungua bucha, na nyama nitaitoa bara maana ng'ombe wa hapa hawatoshi. Niko njia panda. Nilete ng'ombe wazima nichinje huku, au nichukue nyama ilochinjwa Dar ije na baridi yake? Kuna mtu ananiuzia sanduku la baridi la gari, limetumika, anataka jibu Ijumaa. Kipi kinalipa?

Kisu Kikali
Waalaykum salaam shekhe. Hukusema uko Unguja au Pemba. Hukusema unamuuzia nani. Hukusema unamaliza ng'ombe wangapi kwa wiki. Sasa tukushauri au tukupigie ramli?

Baba Swaumu
Samahanini. Niko Wete. Wateja ni watu wa mtaani, na kuna nyumba moja ya wageni imeniahidi. Kwa wiki nadhani wawili, watatu wakikaza.

Mpishi wa Paje
Nunua sanduku kaka, usijiulize mara mbili. Sisi hotelini nyama ya leo asubuhi hatuitaki, inatafunika kama ukanda. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, naiweka siku kumi na zaidi kwenye nyuzi kati ya 0 na 4, ndipo inalainika. Ng'ombe wazima ni kelele na mavi tu.

Kisu Kikali
Paje na Wete wapi na wapi? Mtu wa mtaani akiiona nyama imetoa jasho la friji anaipita kama hakuiona. Anataka iliyochinjwa alfajiri, bado inacheza. Mimi saa nne asubuhi meza yangu inaoshwa. Halafu ukileta nyama tupu, maini, utumbo, kichwa, makongoro na ngozi umewaachia wa Dar. Ng'ombe wa kilo 250 ukishamchuna na kumtoa matumbo unabaki na nusu hivi, nyama na mifupa yake. Ile nusu nyengine ndiyo inayonilipia pango.

Mama Tumbe
Mie ntakwelezeni yaliyonikuta, muamue wenyewe. Nilinunua ng'ombe saba mnadani upande wa Tanga, wa nundu, wazuri, mmoja mweupe nikamwona kama bwana harusi. Dalali akanambia chombo kinaondoka usiku ule ule. Hakikuondoka. Kusi lilikuwa limekaza, wakakaa pwani siku mbili wamefungwa kamba fupi, ndoo moja ya maji kwa ng'ombe saba, na majani nikayanunua mwenyewe kwa bei ya kukomolewa. Tulipovuka wimbi likawa linapiga ubavuni, ng'ombe wanateleza kwenye mavi yao. Yule mweupe akavunjika mguu wa mbele. Nahodha akamchinja chomboni kwa taa ya simu, na barafu hatuna, nyama nyingi ikaishia kwa samaki. Kufika Wete maji yamekupwa, tukangoja mpaka yajae. Sita wale wanashuka, mbavu unazihesabu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwa pupa ya pesa nikachinja kesho yake bila kuwapumzisha. Nyama ikatoka nyeusi tii, kavu, inanata vidoleni kama bokoboko. Mtaa mzima ukanong'ona nauza kibudu. Wallahi wiki tatu nilikuwa nabembeleza watu wachukue kwa mkopo. Daktari wa mifugo alikuja kunambia baadae: ng'ombe akichoka na kuogopa, sukari ya kwenye misuli huisha, nyama haipati ule uchachu wa kuifanya nyekundu. Ningewapa maji, majani na siku mbili tatu za kulala, nisingeaibika.

Baba Swaumu
Pole sana mama. Chombo cha nani hicho nikiepuke?

Mama Tumbe
Nshamsamehe mwanangu, simtaji.

Mzee wa Kitogani
Shida yenu nyie mnatuletea mbung'o kutoka bara na ng'ombe wenu.

Daktari wa Ng'ombe
Mbung'o wapi mzee? Pemba hawakuwepo. Unguja walimalizwa kwa madume tasa waliokuwa wakimwagwa kwa ndege kuanzia 1994, na wa mwisho alinaswa 1996. Cha kuogopa ni kupe. Wanabeba ndigana kali, na ng'ombe anaekufa mara nyingi si wako, ni yule wa maziwa wa jirani. Waogeshe kabla ya kupanda chombo. Na kibali cha kusafirisha uwe nacho mkononi, usije ukazuiliwa bandarini na ng'ombe wana njaa.

Mzee wa Kitogani
Ndege imwage mbung'o halafu mbung'o waishe? Makubwa haya.

Daktari wa Ng'ombe
Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na tasa, ndo basi tena.

Mzee wa Kitogani
Masikini.

Mla Mishkaki
Mnazunguka bure. Ng'ombe wa Pemba, wa kufungwa chini ya mnazi, hana mpinzani. Nyama ya bara maji tupu.

Kisu Kikali
Huyo wa chini ya mnazi nenda kamuulizie bei. Mwenyewe atakwambia hiyo ndiyo Hija yangu.

Mpishi wa Paje
Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu sarara. Hiyo nyumba ya wageni ikitaka kilo kumi za sarara atachinja ng'ombe wangapi? Zilobaki ampe nani?

Kisu Kikali
Mtaa. Mtaa unakula vyote. Wewe ndo mwenye mgeni wa kuchagua.

Baba Swaumu
Nimekwenda kulitazama lile sanduku. Mtambo unawaka, ubaridi upo, lakini mpira wa mlango umekatika, amefunga kwa kamba ya katani. Amepunguza bei kidogo.

Daktari wa Ng'ombe
Ulitia kipimajoto ndani, au ulipima kwa mkono?

Baba Swaumu
Mkono.

Mama Tumbe
Haya. Na umeme ukikatika?

Baba Swaumu
Nilikuwa nafikiri nianze na ng'ombe wawili kwanza, sanduku nimwambie aningoje mpaka Shaabani.

Mpishi wa Paje
Hatokungoja.

Mla Mishkaki
Kisu Kikali, hayo makongoro yanapatikana saa ngapi?

Kisu Kikali
Njoo kabla ya saa moja, na chombo chako mkononi. Mifuko sina.