MREJESHO: Nissan X-Trail injini QR25DE, mlio wa minyororo asubuhi

Niliuliza kuhusu mlio wa chuma sekunde chache baada ya kuwasha injini ikiwa baridi, pamoja na kodi ya hitilafu P0016 (kompyuta ya gari inasema krenki, yaani shafti kuu ya injini, na kamshafti, shafti inayofungua valvu, hazilingani). Mliosema minyororo imelegea mlikuwa sahihi. Mlio umekwisha, kodi haijarudi.

Vilivyobadilishwa: mnyororo wa taiming (unaounganisha krenki na kamshafti), mnyororo wa balansi ulio nyuma yake (unaozungusha shafti za kupunguza mtetemo), tenshena zote mbili (vikaza mnyororo), reli za plastiki zinazoongoza minyororo, sili ya krenki na oringi za kava ya mbele. Msinunue mnyororo peke yake. Tenshena iliyochoka italegeza hata mpya.

Wakati wa kufunga, pistoni namba 1 iwe juu kabisa kwenye mgandamizo. Mnyororo wa balansi unatangulia kufungwa, na hapo ndipo wengi hukosea: alama za mnyororo na gia zikipishana injini itawaka na kuvuta vizuri, ila itatetemeka. Pini inayoshikilia tenshena ikiwa imebanwa itolewe mwishoni, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2. Ikigoma, usilazimishe, valvu zitapinda. Viungo vya mnyororo vyenye rangi havitarudi kwenye alama, hilo ni kawaida. Kagua alama za gia. Silikoni ya kava ipakwe nyembamba, ya ziada huziba chujio la pampu ya oili.