Je, ni haki mrushaji wa besiboli kumpiga kwa mpira mchezaji aliyeikejeli timu yake?

Mtoto wa Katuba

Ndugu zangu, salamu kutoka Katuba. Sisi tunaofuata besiboli hapa Lubumbashi ni wachache, na tunatambulikana kwa macho mekundu ya asubuhi, kwa sababu mechi inayoanza saa moja ya jioni kule New York hapa kwetu huwa ni saa saba ya usiku. Uchache huo hautuzuii kugombana, na ugomvi wetu wa wiki hii ndio ulionileta hapa.

Tulikuwa tukitazama tena picha za mechi ya tarehe 14 Oktoba 2015 kati ya Toronto Blue Jays na Texas Rangers, mechi ya tano na ya mwisho katika mfululizo wao, ambayo mshindi angesonga mbele na mshindwa angefungasha virago. Katika kipindi cha saba kati ya tisa José Bautista wa Blue Jays aliupiga mpira ukavuka uzio huku wenzake wawili wakiwa vituoni (vituo ni zile sehemu nne za uwanja ambazo mchezaji huzizunguka ili apate alama), timu yake ikapata alama tatu kwa pigo moja. Hakukimbia papo hapo. Alisimama, akakaza macho upande wa mrushaji, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, akalitupa gongo lake hewani kwa majivuno, ndipo akaanza kuvizunguka vituo.

Rangers hawakusahau. Tarehe 15 Mei 2016, timu hizo zilipokutana kwa mara ya mwisho katika msimu wa kawaida wa mwaka huo, ikiwa tayari ni kipindi cha nane, mrushaji wa Rangers, Matt Bush, alimpiga Bautista mbavuni kwa mpira. Bautista akapewa kituo cha kwanza, kama kanuni inavyotaka, na muda mfupi baadaye akateleza kwa nguvu kuelekea miguu ya Rougned Odor wa Rangers kwenye kituo cha pili, naye Odor akamjibu kwa ngumi ya taya ambayo hadi leo inazunguka kwenye simu za watu.

Mimi nashikilia kwamba Bautista alivuna alichopanda. Binamu yangu anasema huo ni uhalifu uliovaa jezi. Naomba wenye ujuzi watuamue, na naomba pia msinijibu kwamba huu ni mchezo wa Wamarekani usiotuhusu, maana swali lenyewe ni la kila mchezo: mtu akikudhihaki mbele ya umati, una haki gani juu ya mwili wake?

Mwalimu wa Ruashi

Ndugu Mtoto wa Katuba, binamu yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuangalie silaha yenyewe. Mpira wa besiboli una uzito wa kati ya gramu 142 na 149, ni mgumu, na mrushaji wa ligi kuu huurusha kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa na zaidi kutoka umbali wa mita 18.44, kiasi kwamba mpigaji ana takriban sehemu nne za kumi za sekunde kuona, kuamua na kukwepa. Wanaotetea desturi hii husema kwamba mrushaji mwungwana hulenga nyonga au mgongo, wala halengi kichwa. Nakubali kwamba hiyo ndiyo nia ya wengi wao. Lakini hao hao ndio tunaowaona kila usiku wakikosa shabaha wanapotaka kuupitisha mpira juu ya kibao kilicho chini mbele ya mpigaji, chenye upana wa sentimita 43, na sijui kwa nini tuamini kwamba shabaha yao huwa kamili siku ile tu wanapokuwa na hasira.

Historia yao inatosha kututisha. Tarehe 16 Agosti 1920, katika uwanja wa Polo Grounds mjini New York, Ray Chapman wa Cleveland alipigwa kichwani na mpira wa Carl Mays wa Yankees, akafariki siku iliyofuata. Mays alisisitiza kwamba hakukusudia, nami sina sababu ya kumshtaki. Nataka tu mwone mpira huo unaweza kufanya nini hata bila nia mbaya. Tarehe 18 Agosti 1967 Tony Conigliaro wa Boston, kijana wa miaka 22 aliyetazamiwa makuu, alipigwa usoni, akakosa sehemu iliyobaki ya msimu huo na msimu mzima wa 1968, na jicho lake halikurudi kamwe katika hali ya awali. Kofia ya kujikinga ilifanywa lazima katika ligi kuu mwaka 1971, yaani zaidi ya nusu karne baada ya Chapman kuzikwa.

Pili, tumtazame aliyelipa kisasi. Matt Bush hakuwa mchezaji wa Rangers mwaka 2015. Gongo lilipotupwa, yeye hakuwa uwanjani, hakuwa benchini, wala hakuwa kwenye orodha ya timu. Alidhihakiwa lini, hata awe na deni la kudai? Kisasi kinachotekelezwa na mgeni kwa niaba ya waliokaa kimya miezi saba si hasira tena, ni kazi aliyoitimiza kwa niaba ya kikundi, na kwangu mimi hilo ni baya zaidi kuliko ngumi ya Odor, ambayo angalau ilitoka kwa mtu aliyekuwa ameguswa.

Cheminot wa Kenya

Mwalimu, heshima yako, kutoka huku Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Hata hivyo, umezungumza kama kwamba desturi hii ilizuka kwa sababu Wamarekani wanapenda damu, na hapo sikubaliani nawe.

Katika kabumbu, mchezaji akisherehekea bao kwa ishara za kuwachokoza au kuwabeza wapinzani, mwamuzi humwonyesha kadi ya njano, na kadi hiyo ina uzito kwa sababu ya pili humtoa nje. Mwamuzi wa besiboli hana kadi ya njano. Bautista hakuadhibiwa hata kidogo kwa kulitupa gongo lile. Pale ambapo sheria haina mdomo, wachezaji wenyewe hugeuka mahakama, na wamekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, wakiwa na kanuni zao ambazo hazijaandikwa popote: usisimame kulitazama pigo lako, usimtazame mrushaji machoni, usiongeze chumvi timu yako ikiwa mbele kwa alama nyingi. Anayezivunja anajua kinachomngoja.

Zamani mahakama hiyo ilikuwa na usawa fulani. Mrushaji naye alilazimika kushika gongo na kusimama mbele ya mrushaji wa upande wa pili, kwa hiyo aliyempiga mtu leo alijua kwamba zamu yake inakuja kabla mechi haijaisha. Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, ilimwondolea mrushaji wajibu huo mwaka 1973 kwa kuruhusu mpigaji maalumu ashike nafasi yake, na Ligi ya Taifa ikafuata moja kwa moja mwaka 2022. Tangu hapo mrushaji hutupa jiwe na kuficha mkono, na anayelipa ni mwenzake asiye na kosa. Kwa maoni yangu kilichoharibika ni mabadiliko hayo. Desturi yenyewe haikuwa mbaya.

Na tusijifanye kwamba kabumbu ni safi. Mwezi wa Septemba mwaka 1997 Roy Keane aliumia goti alipojaribu kumchezea vibaya Alf-Inge Haaland, na Haaland, ambaye ni baba yake Erling, akasimama juu yake akimkemea kwamba anajifanya. Keane aliliweka neno hilo moyoni hadi tarehe 21 Aprili 2001, akamkanyaga gotini katika mechi ya watani wa Manchester, na mwaka uliofuata akakiri kwa maandishi yake mwenyewe kwamba alikusudia. Alifungiwa mechi 5 na kutozwa faini ya pauni 150,000. Miaka mitatu na nusu! Ukilinganisha naye, Rangers walikuwa na haraka.

Mwisho, kwa kuwa najua Kunguru wengi, yaani mashabiki wa TP Mazembe, mahasimu wetu sisi wa Lupopo, wanasoma hapa: kama kungekuwa na warushaji wa besiboli mjini petu, kipa wenu aliyekuwa akirukaruka kwa makalio angekuwa amepigwa mbavuni kila Jumapili.

Mama Kamalondo

Baba wa Kenya, umemgusa Kidiaba, kipa wetu wa Mazembe, basi huna budi kusikia.

Mwezi wa Desemba mwaka 2010, TP Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Robert Kidiaba alikaa chini, akanyoosha mikono na kuruka kwa makalio yake kama alivyokuwa akifanya siku zote nyumbani, dhidi ya timu yoyote ile, hata sisi tukiwa tunashinda mechi isiyo na maana. Hakumtazama Mbrazili yeyote. Ilikuwa furaha yake na sisi. Lakini kule Porto Alegre mashabiki wa Grêmio, ambao ni mahasimu wa Internacional, waliichukua mirukio hiyo wakaifanya silaha ya kuwakejeli majirani zao. Sasa niambieni, Kidiaba alikejeli au hakukejeli? Ninyi watu wa Lupopo mliona dharau, sisi tuliona sala ya shukrani, na mwendo wa mwili ulikuwa ule ule mmoja. Kama hukumu inamtegemea aliyefungwa bao, sijui ni mfungaji gani atakayetoka salama.

Lushois wa Texas

Nimezaliwa Lubumbashi na sasa naishi huku Texas, ambako watu wa Rangers bado wanavaa fulana zenye picha ya ngumi ya Odor; kwa hiyo, mama, swali lako nalisikia kila siku kwa lafudhi nyingine.

Nataka kuongeza kisa kimoja ambacho naona kinafaa zaidi kuliko cha Bautista. Mwaka 2014, katika mechi za mtoano, Bryce Harper wa Washington aliipiga mara mbili nje ya uzio mipira ya mrushaji Hunter Strickland wa San Francisco Giants, na mara ya pili akasimama kuutazama mpira ukienda zake. Giants ndio walioshinda mfululizo huo, na wakaendelea hadi kuwa mabingwa wa mwaka huo. Mtu angedhani pete ya ubingwa inatosha kufuta kinyongo. Haikutosha. Tarehe 29 Mei 2017 Strickland alimpiga Harper kwenye nyonga kwa mpira wa kwanza kabisa aliomrushia. Harper akamkimbilia, akatupa kofia yake, wakashikana, na benchi zote mbili zikamiminika uwanjani. Mdakaji wa Giants, yaani yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, Buster Posey, ambaye kazi yake ingekuwa kumzuia mpigaji asimfikie mrushaji wake, alibaki amesimama karibu na kibao akitazama. Hakunyoosha hata mkono. Katika msukumano huo Michael Morse, ambaye alikuwa Giants vilevile, aligongana na mwenzake Jeff Samardzija, akapata mtikisiko wa ubongo, na hakucheza tena katika ligi kuu. Mchuma janga hula na wa kwao. Harper alifungiwa mechi 4, zikapunguzwa kuwa 3. Strickland alifungiwa 6.

Kuhusu adhabu, kuna jambo ambalo wasiofuatilia kwa karibu hawalioni. Tarehe 15 Agosti 2018 José Ureña wa Miami alimpiga Ronald Acuña Jr. kwenye kiwiko kwa mpira wa kwanza wa mechi, na kosa pekee la kijana huyo lilikuwa kuvusha mipira nje ya uzio katika mechi 5 zilizotangulia. Ureña alifungiwa mechi 6. Inasikika kuwa adhabu kali mpaka ukumbuke kwamba mrushaji anayeanza mechi hurusha mara moja tu katika kila siku tano hivi, kwa hiyo mechi 6 kwake ni zamu moja, na siku zilizobaki angekuwa amekaa benchini akitafuna mbegu za alizeti kama kawaida.

Mtoto wa Katuba

Nawashukuru nyote. Habari ya Bush na ya Morse zimenitikisa, sifichi. Lakini bado sijajibiwa: mrushaji aliyedharauliwa afanye nini, ameze mate tu?

Mwalimu wa Ruashi

Amrushie tena, ndugu yangu, na amtoe. Mpigaji aliyejisifu akikosa mara tatu, analazimika kurudi benchini kwa miguu yake, polepole, gongo likiwa mkononi na uwanja mzima ukimtazama, na hajapewa kituo cha bure. Akimpiga mbavuni, amemzawadia adui yake nafasi ya kufunga alama. Mwaka 2016, Bush alipompiga Bautista, Rangers walikuwa mbele kwa alama moja tu, 7 kwa 6! Kocha yeyote mwenye akili angezimia. Wala sisemi kwamba mrushaji asilenge karibu na mwili. Kuupitisha mpira karibu na nyonga ili mpigaji asogee nyuma ni sehemu halali ya kazi yake, na mpigaji mwenyewe anaitarajia.

Cheminot wa Kenya

Ya 7 kwa 6 sikuikumbuka, Mwalimu, na inauma. Lakini wapigaji wakubwa hawatoki kirahisi hivyo, na Bautista akiuvusha tena mpira wa mrushaji yule yule nje ya uzio, tutakuwa na gongo la pili hewani. Mimi nitaiacha mahakama ya wachezaji siku ligi itakapofanya mambo mawili kwa pamoja: ahesabiwe mrushaji adhabu yake kwa zamu badala ya mechi, ili sita ziwe sita kweli, na mwamuzi apewe kadi ya kumwonyesha anayelitupa gongo huku akimkodolea mrushaji macho. Kwa Kidiaba, Mama, nakubali asipewe.