Naomba ushauri: mkanda wa sinema wa milimita 16, ni Technicolor kweli?

Habari zenu ndugu zangu. Nakusanya mikanda ya zamani ya sinema, na sasa nimekwama. Kuna mzee hapa Mombasa anauza makopo matatu ya milimita 16, anasema ni Technicolor halisi, yaani ule uchapaji wa zamani wa rangi zisizopauka. Bei yake ni ya kuuma, ndiyo maana sitaki kukurupuka.

Niliushika mkanda juu ya taa. Rangi zimesimama vizuri: nyekundu ni nyekundu, anga bado ya buluu. Eastmancolor ya zamani, ile filamu ya rangi ya Kodak, ingekuwa imeshageuka ya waridi yote. Njia ya sauti pembeni naiona ya kijivu, si ya kibuluu, nayo imenipa moyo. Ila kopo la tatu nilipolifungua lilinipiga harufu ya siki, na mkanda umeanza kujikunja. Najua asiteti, ile plastiki ya mkanda, ikishaanza kuoza hairudi, na harufu hiyo huambukiza makopo ya jirani.

Jingine ni alama za Kodak ukingoni, zinazoonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa. Zilikuwa zikijirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo ni 1948 au 1968? Tena nasikia alama za negativu, yaani mkanda wa asili unaochapiwa nakala, nazo huweza kuchapika kwenye nakala. Mnazitofautishaje?

Na hilo kopo la siki, nilikatae au nilinunue nilihifadhi mbali na mengine? Roho inaniuma kuliacha, maana bila hilo hadithi haina mwisho. Mzee ananisubiri hadi Ijumaa.