Wadudu mafuta kwenye mtama: shamba moja, mbegu mbili

Mkulima wa Dodoma anauliza:
Habari zenu, wanajukwaa. Msimu huu nilipanda mbegu mbili za mtama, zikitenganishwa na kijia tu. Mtama ulipoanza kutoa masuke, majani ya mbegu ya kwanza yalijaa wadudu mafuta upande wa chini, yakanata kana kwamba yamepakwa asali, kisha yakafunikwa na masizi meusi. Mbegu ya pili ina wadudu wachache mno, ingawa wale wenye mabawa nawaona wakitua humo pia. Je, majani yake ni magumu kiasi cha kuwashinda kuyatoboa?

Bwana shamba mstaafu:
Ndugu mkulima, ugumu wa jani ndio unaomjia kila mtu akilini kwanza, lakini mara nyingi mdudu hashindwi hapo. Mdudu mafuta hatafuni; ana mdomo mwembamba kama sindano, ambao huupenyeza kati ya seli huku akitema mate yanayoganda na kuuzunguka kama ala, hadi aifikie floemu, yaani mirija inayosafirisha sukari kutoka majanini. Akifika hutema kwanza mate mepesi, yanayodhaniwa kuzuia mirija isijizibe, ndipo huanza kunyonya, na kwa kuwa utomvu humo una msukumo wake wenyewe, anaweza kukaa saa nyingi bila kuuchomoa mdomo. Anachokihitaji hasa ni amino asidi, ambazo ni haba, kwa hiyo humeza sukari kupita kiasi na kuitoa nyuma: ndiyo hiyo asali yako, na masizi ni kuvu wanaoota juu yake.

Watafiti huyafuatilia haya kwa kumbandika mdudu mgongoni waya wa dhahabu mwembamba kuliko unywele, kwa gundi yenye madini ya fedha (kazi ya subira kweli kweli), na kuchomeka waya wa pili kwenye udongo wa chungu. Mdudu akitoboa jani, mzunguko wa umeme hukamilika, na kila tendo lake huchora wimbi lake. Wadudu mafuta wa miwa, waliouvamia mtama wa Marekani tangu 2013, walipopimwa hivyo kwenye mtama kinzani uitwao Tx2783, muda wao wa kunyonya floemu ulikuwa mfupi sana kuliko kwenye mitama dhaifu.

Mwanafunzi wa kilimo:
Naongezea kwamba ukinzani huo umehusishwa na jeni iitwayo RMES1, ambayo asili yake imefuatiliwa hadi kwenye mitama ya Ethiopia. Hata hivyo, mzee wangu, wadudu kuwa wachache peke yake hakuthibitishi ukinzani. Tandika karatasi ngumu usiku mmoja chini ya jani la kila mbegu, ukiwa umebakiza wadudu kumi kumi, kisha hesabu matone asubuhi. Matone yakiwa machache kwenye mbegu ya pili, hawanyonyi vizuri. Yakilingana, tafuta sababu kwingine, kwa mfano wadudu rafiki wanaowala.

Mkulima wa Dodoma:
Ahsanteni sana. Nilizipanda siku moja, ila ya pili ilitoa masuke siku tisa mapema. Je, hilo linaharibu kipimo?

Bwana shamba mstaafu:
Linaweza kukiharibu, kwa sababu utomvu hubadilika kadiri mtama unavyokomaa. Pima ya pili leo, na ya kwanza baada ya siku tisa, kwenye jani lile lile la tatu kutoka juu.